Mfuko wa Barua Mapajani

Kwetu Tabora mgeni akifika haulizwi shida yake mlangoni. Hupewa kiti, hupewa maji, huulizwa hali yake na ya watu wa nyumbani kwake, na jambo lililomleta huachwa mpaka atakapolitoa mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyolelewa na wazee wangu, na hivyo ndivyo nilivyowaasa wanachuo kwa miaka yote niliyokuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Kwa sababu hiyo, haya nitakayoyasimulia yananitia haya. Lakini mtu aliyekwisha kuvuka miaka sabini hana faida ya kuficha aibu inayoweza kumsaidia mwenzake.

Mwaka jana, siku moja ya Jumamosi, mdogo wangu alikuja kunitembelea kutoka Urambo. Alifika kabla ya adhuhuri, akanipa shikamoo yangu, akaketi nami chini ya mwembe ulioko uani. Simu yangu ilikuwa mapajani. Siku ile kundi letu la walimu wastaafu lilikuwa likibishana juu ya hesabu za mafao, na kundi la kamati ya harusi ya mjukuu wangu lilikuwa likitangaza michango. Kila simu ilipotetemeka nilisema, "Samahani, dakika moja tu." Naye kila mara alijibu, "Hamna neno, kaka." Mara mbili alianza kusema, "Hivi, kaka..." na mara zote mbili simu ikatangulia. Tulikula ugali kwa kuku, tukanywa chai, na alasiri akaomba ruhusa ili awahi basi. Nilimsindikiza hadi kwenye lango. Zamani ningemfikisha kituoni.

Saa tatu usiku ukaingia ujumbe wake. Aliandika kwamba alikuwa amekuja kunieleza kuwa ni mgonjwa, kwamba hospitali wamemwambia lazima afanyiwe upasuaji, na kwamba hakutaka kunisumbua kwa vile aliniona nina shughuli. Niliusoma mara moja tu. Zile alama mbili za pembeni zikageuka rangi ya bluu, naye kule Urambo akajua kwamba nimesoma. Nilikaa na simu mkononi, nisijue niandike nini. Mtu alikuwa ameketi mbele yangu kwa saa tano, na neno lake likanifikia alipokuwa ameshafika kwake, maili zaidi ya hamsini kutoka hapa.

Usiku ule sikupata usingizi. Kilichonijia akilini ni habari ambayo nimeifundisha miaka mingi katika somo la historia, bila kufikiri kwamba siku moja ingenihusu mimi. Ni habari ya mfuko wa barua.

Msomaji anajua kwamba mji huu ulikuwa njia panda ya misafara. Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe. Na kutoka hapa tawi moja lilikwenda Ujiji, jingine kaskazini kuelekea ziwa Nyanza na Buganda. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya siku zile, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa wameondoka Unguja mwezi Juni. Mfanyabiashara Snay bin Amir ndiye aliyewapokea na kuwakirimu. Barua nazo zilikuja kwa miguu hiyohiyo, ama ndani ya mizigo ya wapagazi wa Kinyamwezi, ama mkononi mwa tarishi. Neno hilo tarishi leo tumelibakizia yule anayebeba majalada maofisini, lakini wakati ule alikuwa mtu wa kukabili simba, kiu na vita ili karatasi moja imfikie mwenyewe.

Mwaka 1870 John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Unguja, alituma mizigo na mfuko wa barua kwa Dk. David Livingstone, ambaye alikuwa bara tangu mwaka 1866. Juu ya mfuko iliandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Mfuko huo ulikawia pwani, na ulipofika Kwihara, maili chache tu kutoka hapa mjini, ukakawia tena. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa ameingia vitani na Waarabu wa Unyanyembe, na njia ya Ujiji ilifungwa. Henry Morton Stanley alifika Kwihara Juni 1871, akaukuta mfuko umelala. Alipopata nafasi ya kusafiri, Septemba mwaka ule, aliuchukua, akazunguka upande wa kusini kuikwepa nchi ya Mirambo, akafika nao Ujiji mwezi Novemba 1871. Ulikuwa umetimiza mwaka mmoja tangu ulipotiwa tarehe.

Watu wengi wanaikumbuka siku ile kwa salamu ambayo Stanley anasema alimpa mzee yule. Mimi nakumbuka zaidi jambo lililofuata, kama alivyolisimulia Stanley mwenyewe. Walipoketi barazani, Livingstone aliushika mfuko mapajani. Baada ya muda akaufungua, akazitazama barua, akasoma moja au mbili za watoto wake, uso ukamng'aa. Kisha akaziacha, akamtaka mgeni ampe habari za ulimwengu. Stanley akamsihi azisome kwanza, maana hapana shaka alikuwa na hamu nazo. Mzee akakataa. Alisema kwamba barua amezingoja kwa miaka, na saa chache zaidi hazitamshinda. Basi wakazungumza. Mgeni akamweleza kwamba mfereji wa Suez umefunguliwa, kwamba Marekani sasa ina reli iendayo hadi bahari ya Pasifiki na rais mpya aitwaye Grant, na kwamba Waprusi na Wafaransa wamepigana. Barua zikasubiri mapajani.

Sisemi haya ili nimsifu Mzungu, wala ili nidai kwamba wakati wa barua za miguu ulikuwa bora kuliko wetu. Aliyeishi na barua zinazochelewa hawezi kudai hivyo. Barua nyingi alizoandika Livingstone kutoka Ujiji mwaka 1869 hazikufika zilikokwenda. Mwaka 1871, huko Nyangwe ng'ambo ya ziwa Tanganyika, karatasi zilimwishia, akawa anaandika juu ya gazeti la zamani kwa wino alioutengeneza kwa maji ya mimea. Na mwaka 1872 alikaa Kwihara kuanzia Februari hadi mwishoni mwa Agosti, na sehemu kubwa ya muda huo alikuwa akiwangojea watu ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Kungoja kule kulimchosha na kumsononesha.

Wala uongo haukuanza na simu. Desemba 1866 kundi la watu wa Komoro waliomtoroka Livingstone, wakiongozwa na mmoja aitwaye Musa, walifika Unguja wakaeleza kwa kirefu jinsi alivyouawa karibu na ziwa Nyasa. Habari ikavuka bahari hadi London. Ilibidi mwaka 1867 msafara wa E. D. Young utumwe Nyasa kwenda kuhakikisha, ndipo ikajulikana kwamba ni hadithi ya kutunga. Kwa hiyo ninapoona katika makundi yetu habari ya kifo cha mtu mashuhuri ambaye yu hai anakunywa chai kwake, huwa sishangai sana. Tofauti ni kwamba leo uongo hufika kwa dakika moja, na kukanusha pia kungeweza kufika kwa dakika moja kama tungekuwa na subira ya kuuliza kabla ya kuusambaza.

Basi tofauti kubwa kati yao na sisi iko wapi? Wengi watasema ni mwendo. Mwendo umebadilika, ni kweli. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na safari ya miezi ikawa ya siku. Nikiwa mkuu wa chuo, barua za wanachuo zilikuja kwa treni, na tarishi wetu alikwenda kuzitoa katika sanduku la posta. Mwanachuo aliyepata barua aliinusa bahasha, akaisoma chini ya mti wakati wa mapumziko, akaikunja, akaitia mfukoni, akaingia darasani. Akiwa darasani, barua ilikaa kimya mfukoni mwake. Katikati ya miaka ya 1990 simu za mkononi zikaanza kuingia nchini, na baadaye simu janja. WhatsApp ilianzishwa Marekani mwaka 2009, na zile alama za bluu za kuonyesha kwamba ujumbe umesomwa zililetwa Novemba 2014. Leo hata bibi wa kijijini Sikonge humtumia mjukuu wake wa Dar es Salaam sauti yake, na fedha za dawa humfikia kabla maji hayajachemka. Anayebeza jambo hilo hajawahi kuuguliwa akiwa mbali.

Lakini mimi naona kwamba kilichogeuka zaidi ni zamu ya kungoja. Zamani ujumbe ulimngoja mtu. Mfuko ulikaa Kwihara, ukakaa mapajani, hata mwenyewe alipoamua kuufungua. Sasa mtu ndiye anayeungoja ujumbe. Simu ikitetemeka, mazungumzo husimama, kijiko huachwa katika sahani, mwalimu husahau sentensi aliyoianza. Na kwa kuwa mwenzako anaziona alama za bluu, kutojibu papo hapo kumekuwa kama dharau. Tumekuwa tukimheshimu aliye mbali kwa kumdharau aliye karibu.

Wahenga wa Uswahilini walisema, barua ni nusu ya kuonana. Nimeifafanua methali hii ubaoni mara nyingi, nami kila mara nilitilia mkazo uzuri wa barua. Usiku ule niligundua kwamba nilikuwa nimelipita bila kulitazama neno lenyewe la nusu. Wahenga hawakusema ni sawa na kuonana. Barua hushika nafasi ya mtu asiyeweza kuja. Mtu akisha kuja, nusu hiyo imekwisha kazi yake.

Wapo waliolielewa hilo katika njia hiihii yetu. Livingstone alipofariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika nchi ya Ilala, kusini ya ziwa Bangweulu, Chuma na Susi na wenzao waliukausha mwili wake, wakaubeba kuelekea pwani. Walipokaribia Unyanyembe walisikia kwamba mwana wa marehemu yuko mjini na msafara. Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, akaandika barua, na Chuma akatangulia nayo. Mwana huyo hakuwapo. Aliyeipokea, Oktoba mwaka ule, ni Luteni Cameron, ambaye alikuwa ametumwa kumsaidia mtu aliyekwisha kufa miezi mitano nyuma. Hapo habari ilikuwa imefika. Cameron alipendekeza marehemu azikwe hapahapa Unyanyembe. Wale watu wakakataa. Walikuwa wametoka na mtu, na waliazimia kumfikisha mtu, wala si taarifa yake. Februari 1874 walimfikisha Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili akazikwa London.

Asubuhi ya Jumapili sikumjibu mdogo wangu kwa maandishi. Nilimpigia, nikamwambia maneno mawili tu: "Nakuja leo." Nikaizima simu, nikaitia katika mfuko wa koti, nikapanda basi la Urambo. Njiani niliona vijana wawili waliokaa kiti kimoja, kila mmoja ameinamia simu yake, nikajizuia kuwahubiria, maana jana yake nilikuwa mmoja wao.

Alinipokea mlangoni. Nilipewa kiti na maji. Tuliulizana hali ya mvua na ya tumbaku, kama vile hatukuonana jana. Jambo lake hakulitoa mpaka tulipokwisha kula, na alipolitoa alilitoa polepole, akisimama kila baada ya maneno machache kutazama kama ninamsikiliza. Aliogopa kisu, akaniambia. Aliogopa pia kwamba shamba lingeharibika, na kwamba watoto wangegombana. Hayo yote hayakuwamo katika ujumbe wa saa tatu usiku. Nadhani yasingeweza kuwamo.

Alipasuliwa baada ya wiki tatu, nami nilikuwa naye wodini. Amepona, na mwaka huu amelima, ingawa si sana. Mimi nimejiwekea kanuni ndogo: mgeni akiingia, simu hupelekwa chumbani, juu ya kabati, na wajukuu wangu wanajua kwamba hairuhusiwi kuletwa uani hata ikilia. Makundi yote mawili yaliendelea bila mimi. Hesabu za mafao zinabishaniwa hadi leo, na harusi ilifana.

Mdogo wangu alikuja tena mwezi uliopita. Tuliketi palepale chini ya mwembe. Alinitazama mapajani, akacheka, akauliza, "Kaka, leo ofisi umefunga?" Nikamwambia imefungwa. Alasiri nilimsindikiza mpaka kituoni, tukasimama tukiongea hata basi likapiga honi.