Obokano ina mfadhili, mzee hana

Kabla ya kuwapo wakfu, ruzuku na fomu za maombi, sanaa ya wazee wa Gusii ilikuwa na mlipaji wake. Kuanzia genge la Manga, ambapo ukisimama juu unauona mji wa Kisii bondeni, hadi Tabaka kwenye machimbo ya mawe ya sabuni, mwenye shughuli ndiye aliyemwita mpiga obokano. Mzee alikuja na chombo chake cha nyuzi 8, kikubwa kuliko nyatiti ya Waluo na chenye mngurumo mzito. Akapewa kigoda karibu na chungu cha pombe ya wimbi, akala, akanywa, akausifu ukoo wa mwenyeji. Nyumbani, nyanya aliyejua kusuka ekee, kile kikapu cha kupakulia ugali wa wimbi, aliwafundisha wajukuu huku akisuka.

Mpango huo ulianza kulegea wamisionari walipoingia. Wakatoliki walifika Nyabururu mwaka 1911, nao Waadventista Wasabato wakafungua kituo Nyanchwa mwaka uliofuata. Msabato hanywi pombe, na obokano ilizoea kukaa penye pombe. Waumini walipoongezeka, mialiko ilipungua, na kwaya ikashika nafasi ya mzee na nyuzi zake.

Kisha wakaja watu wa vinasa sauti. Mwaka 1950 na 1952, Hugh Tracey alizunguka Kenya akirekodi nyimbo za vijijini, zikiwemo za Wakipsigis, majirani wa Wagusii upande wa mashariki. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, akisaidiwa na wakfu wa Nuffield wa Uingereza. Fedha hizo ziliokoa sauti nyingi. Lakini nakala za nyimbo zilirudishwa kwa Wakipsigis mwaka 2014 tu, zaidi ya miaka 60 baadaye, wakati wengi wa walioimba walikuwa wamekwisha kufa.

Waliosaidia kuzirudisha walikuwa watu wa mradi wa Singing Wells, ulioanza mwaka 2011 kwa ushirikiano wa wakfu wa Abubilla wa London na Ketebul Music ya Nairobi. Ketebul, iliyoanzishwa na Tabu Osusa mwaka 2007, imepata pia msaada wa Wakfu wa Ford katika kuhifadhi muziki wa Kenya. Safari hii studio ilibebwa kwa gari hadi kijijini, na mwanamuziki akarekodiwa akiwa kwao.

Upande wa mawe, Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka wa mwaka 1944, ameifikisha sanaa ya Gusii mbali: ndege wake wa amani yuko makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Mwaka 2014, akiwa na miaka 70, alichonga jiwe mbele ya umati jijini Washington, katika tamasha la taasisi ya Smithsonian lililoishirikisha Kenya.

Ukizifuata fedha hizi zote, utaona njia moja. Zimelipia kanda, sanamu, safari na jukwaa. Mzee amelipwa siku ya kurekodiwa, na gari likiondoka amebaki alivyokuwa.

Serikali nayo ilikuja na msaada mwingine. Pesa za wazee zilianza kutolewa kwa majaribio mwaka 2007, na mwaka 2018 mpango ukapanuliwa kwa waliotimiza miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi. Hizo hununua unga na dawa. Hazimpi mzee nafasi mbele ya watu, na Gusii ina sababu ya kulijali hilo. Mwaka 2008 wazee kadhaa walichomwa moto Kisii kwa tuhuma za uchawi. Mwaka 2021 wanawake wanne waliuawa Marani kwa tuhuma hizohizo. Mzee ambaye watoto wa kijiji wanamjua kama mwalimu wao si rahisi kumgeuza mchawi kwa uvumi wa siku moja.

Kwingine wafadhili wameanza na mtu mwenyewe. Marekani, utafiti wa daktari Gene Cohen ulioanza mwaka 2001 ulionyesha kwamba wazee walioimba katika kwaya chini ya wasanii wa kulipwa walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao. Kuanzia 2016, shirika la Aroha Philanthropies likatoa ruzuku kwa masomo ya sanaa ya watu wa miaka 55 kwenda juu. Japani, chini ya sheria ya mwaka 1950, bingwa wa sanaa ya jadi aliyetambuliwa hupewa yeni milioni 2 kwa mwaka ili aendeleze ufundi wake na kuwarithisha wengine.

Mfano wa Japani ndio unaotufaa zaidi, maana mzee wa Gusii hahitaji kufundishwa sanaa. Yeye ndiye mwalimu. Tangu 2013 utamaduni uko mikononi mwa kaunti, na sheria ya mwaka 2016 inazitaka ziweke sajili ya maarifa ya jadi. Jina likishaingia kwenye sajili, lifuatwe na malipo ya kila mwezi, ya kaunti au ya mfadhili, kwa masomo yaliyofundishwa. Darasa la obokano huko Manga halihitaji jengo jipya. Linahitaji mzee, vijana watano, chombo chenye nyuzi, na mtu wa kulipia saa za mwalimu.