Mjumbe wa Amani Katika Siku za Upanga

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Hubert Languet, Mfaransa aliyezaliwa Vitteaux mwaka 1518, aliishi katika karne ambayo msemo huo ulijaribiwa vikali.

Akiwa Italia, msomi huyu wa sheria alisoma kitabu cha Philipp Melanchthon, mwenzi wa Martin Luther. Kilimgusa sana, hata mwaka 1549 akasafiri kwenda Wittenberg. Melanchthon akampokea nyumbani kwake, naye akashika imani ya Matengenezo ya Kanisa. Mwaka 1559 akaingia katika utumishi wa August, mtawala Mlutheri wa Saxony.

Desemba 1570 alisimama mbele ya Charles IX, mfalme wa Ufaransa, akiwasemea watawala Waprotestanti wa Ujerumani. Alimsihi adumishe amani na Wahugenoti, kwa kuwa watu wa imani mbili wanaweza kumtii mfalme mmoja. Amani hiyo haikudumu. Tarehe 24 Agosti 1572 mauaji ya Wahugenoti yalianza Paris, na Languet alikuwamo mjini. Alihatarisha maisha yake akamwokoa mchapaji vitabu Andreas Wechel na kijana Philippe Duplessis-Mornay. Naye mwenyewe aliokolewa na Jean de Morvillier, Mkatoliki aliyewahi kuwa askofu wa Orléans.

Jeraha lililofuata lilitoka nyumbani. Mwaka 1574 August aliwashuku wanafunzi wa Melanchthon kuwa Wakalvini wa siri katika fundisho la Chakula cha Bwana. Caspar Peucer, mkwe wa Melanchthon, alifungwa gerezani miaka 12. Languet, aliyekuwa na msimamo kama wao, aliiacha Saxony mwaka 1577. Alifariki Antwerp tarehe 30 Septemba 1581, akimtumikia William wa Orange.

Sisi Walutheri tunaheshimu tamko la mapatano lililokamilishwa mwaka huohuo wa 1577, na ni haki yetu kulinda fundisho la Meza ya Bwana. Lakini tukumbuke kwamba Mkatoliki alimfungulia Languet mlango siku ya mauaji, na ndugu zake wa Wittenberg walifungiwa milango ya gereza na mtawala wa imani yao. Kweli ya Injili hulindwa kwa Neno na kwa mafundisho ya subira. Inapolindwa kwa kufuli, tunampoteza ndugu, na mezani pa Bwana nafasi yake inabaki wazi.