Foleni Ilipobadilishwa, Watoto Wakapona

Hebu fikiria: mwanao anapumua kwa shida, na foleni ina watu hamsini. Utasubiri?

Katika hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi, kati ya watoto 100 waliolazwa, walikuwa wakifariki 10 hadi 18. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, daktari Elizabeth Molyneux na wenzake wakabadilisha utaratibu: mtoto akaguliwe akifika tu. Anapumuaje? Ana degedege? Amepoteza fahamu? Mwenye dalili ya hatari apite kwanza. Vifo vikashuka hadi 6 mpaka 8.

Mwaka 2006 wakachapisha takwimu zote, hata zile za zamani zisizopendeza. Ndiyo maana leo tunajua kwamba inawezekana.

Sasa jiulize: takwimu za hospitali ya kwenu umewahi kuziona?