Makabati mapya kwenye jiko la zamani: ukuta upimwe kwanza

Nyumba nyingi za zamani mjini Kasulu ni za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, saruji ikaja baadaye kama lipu ya juu tu. Kwa macho ukuta unaonekana umenyooka. Kabati likishafika ndiyo unaona: juu limegusa, chini kuna nafasi ya kupitisha vidole viwili.

Ndiyo maana vipimo vya upana wa chumba pekee havitoshi. Fundi apime upana sehemu tatu, yaani chini, katikati na juu, kisha achukue kipimo kidogo kuliko vyote. Kona ipimwe kwa hesabu ya mafundi: sentimita 60 ukuta mmoja, 80 ukuta wa pili. Kati ya alama hizo mbili ikitoka 100 kamili, kona iko sawa. Mara nyingi haitoki.

Sakafu nayo ina mlima na bonde. Mpira mwembamba wenye maji unaonyesha sehemu iliyo juu zaidi, na hapo ndipo pa kuanzia. Kabati likianzia bondeni, likifika mlimani halitaingia chini ya mstari wa meza, ambao kwa kawaida ni sentimita 90. Likianzia juu, kwingine kote ni kuinua miguu tu.

Hatari kubwa ni makabati ya ukutani. Yakijaa sahani na sufuria yanakuwa mazito, na skrubu iliyoingia kwenye udongo kati ya tofali na tofali haishiki kitu. Wakati wa kutoboa, angalia vumbi: unga mwekundu, na keekee inapata ukinzani, hilo ni tofali. Ikizama kirahisi na kutoa udongo, hamisha tundu. Ni salama zaidi kufunga kwanza ubao mrefu wa mbao ngumu kama mninga, ushikwe kwenye matofali mengi, kabati lining'inie hapo. Ukuta ukiwa dhaifu kabisa, achana na kabati la kuning'iniza. Weka refu linalosimama sakafuni, juu lifungwe ili lisianguke.

Kuna na unyevu, maana Kasulu mvua ni ya miezi mingi. Bandika kipande cha nailoni ukutani, kingo zote zizibwe, ukiache siku mbili. Kikitoa matone upande wa ukutani, MDF isiwekwe hapo kwanza. Itavimba, na ikishavimba hairudi.

Na mchwa je? Ubao wa kuziba miguu ya kabati usipigiliwe moja kwa moja. Uwe wa kuchomoka, ili njia zao za udongo zionekane mapema.

Pengo linalobaki pembeni halijazwi kwa lipu. Unakatwa ubao mwembamba kufuata mikunjo ya ukuta, kwa penseli na uvumilivu.