Benki Tajiri Iliyokosa Floti

Ukisikia benki imekwama, kitu cha kwanza unafikiria ni wizi. Cha pili, imefilisika. Wacha leo niwape stori ya benki ambayo haikuibiwa na haikufilisika, lakini ilijipata na shimo la dola bilioni 22.6 kwa siku mbili tu. Chanzo kilikuwa kompyuta.

Ni New York, Jumatano, tarehe 20 Novemba 1985. Bank of New York si benki ya juzi. Alexander Hamilton alishiriki kuianzisha mwaka wa 1784, kabla katiba ya Marekani haijaandikwa. Kufikia miaka ya 1980, kazi yake moja kubwa ilikuwa kusimama katikati ya biashara ya hatifungani za serikali. Inapokea hatifungani kutoka kwa muuzaji, inamlipa. Kisha inaipeleka kwa mnunuzi, inalipwa. Pesa zinatoka, pesa zinarudi, na jioni hesabu zinakaa sawa.

Siku hiyo programu ikagoma. Maelezo yanayojulikana zaidi ni kwamba sehemu fulani ya programu ilikuwa na kikomo cha hesabu cha elfu thelathini na kitu. Kazi ikapita hapo, rekodi zikaanza kuandikwa juu ya zingine. Benki ikawa haijui hatifungani gani iende kwa nani.

Sasa sikia ubaya wenyewe. Mlango wa kutokea ulifungika, lakini wa kuingilia ukabaki wazi. Kwa mfumo wa Federal Reserve, yaani benki kuu ya Marekani, hatifungani ikiingia kwako, pesa zinakatwa kwa akaunti yako papo hapo. Huulizwi kama uko tayari. Kwa hivyo Bank of New York ililipa, ikalipa, ikalipa, na yenyewe hailipwi na mtu. Akaunti ikaingia hasi na ikazidi kuzama.

Alhamisi usiku bado mambo hayajanyooka. Na ni benki gani nyingine ingeweza kutoa mabilioni hayo kwa usiku mmoja? Hakuna. Ikabidi Federal Reserve Bank of New York iingilie na mkopo wa dola bilioni 22.6, mkubwa kuliko wowote ambao benki moja ilikuwa imewahi kupewa hadi wakati huo. Benki ikaweka dhamana, hasa zile hatifungani zilizokuwa zimekwama. Programu iliporekebishwa, deni likalipwa. Riba ya huo usiku pekee ilikuwa karibu dola milioni 5.

Enyewe, hii ndiyo maana ya ukwasi. Mali na pesa ya leo ni vitu viwili tofauti. Ajenti wa pesa za simu anaweza kuwa na ploti tatu Kitengela na bado akuambie hana floti. Bank of New York ilikuwa imekalia hatifungani za mabilioni, zote halali, lakini haikuweza kuzigeuza kuwa pesa kabla ya jioni.

Na si mara ya mwisho. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, ofisi za benki hiyo hiyo karibu na World Trade Center zilifungwa na mawasiliano yakakatika. Malipo yakakwama tena. Tarehe 12 Septemba, Federal Reserve ilikopesha benki mbalimbali zaidi ya dola bilioni 45. Pesa zilikuwepo nchini, ila hazikuwa zikifika zinakotakiwa.

Hapa Kenya, benki zinalipana pesa kubwa kupitia KEPSS, mfumo wa Benki Kuu ulioanza mwaka wa 2005. Kila malipo yanakamilishwa moja moja, papo hapo. Ni mfumo mzuri, kwa sababu aliyelipwa amelipwa. Lakini pia unataka kila benki iwe na pesa tayari mchana kutwa. Moja ikikwama, wanaoisubiri nao wanaanza kushikilia zao, na mwisho wa mnyororo kuna mtu ambaye mshahara wake haujaingia na landlodi yuko mlangoni.

Maoni yangu ni haya: sisi hushangilia benki zikitangaza faida, lakini hatuulizi mitambo ikizima zinafanya nini. Iko wapi mitambo ya akiba? Ilijaribiwa lini? Mwezi mmoja tu baada ya mkasa wa 1985, wakubwa wa Federal Reserve na wa benki yenyewe waliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani wakaeleza hadharani kilichotokea. Huku kwetu mfumo ukilala mwisho wa mwezi, tunatumiwa SMS ya "samahani kwa usumbufu" na maisha yanaendelea.

Benki Kuu kuokoa benki iliyokwama si makosa. Makosa ni sisi wenye pesa kukosa kuambiwa kilichoharibika. Samahani si maelezo.