Mgeni Asiyeruhusiwa Kusema: Kutoka Lamu ya Muindi Mbingu hadi Uwanja wa Ndege wa Nyerere

Jumapili ya Mei 18, 2025, Martha Karua, waziri wa zamani wa haki wa Kenya na kiongozi wa chama cha People's Liberation Party, alishuka katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Alikuwa safarini kwenda Mahakama ya Kisutu, ambako kesho yake Tundu Lissu, mwenyekiti wa chama cha upinzani cha CHADEMA, alitarajiwa kufikishwa kwa kesi ya uhaini. Hakufika. Alizuiliwa uwanjani na kurudishwa Nairobi pamoja na wenzake. Karibu wakati huohuo yakampata hayohayo Willy Mutunga, Jaji Mkuu wa Kenya kati ya 2011 na 2016. Rais Samia Suluhu Hassan naye akatamka hadharani kwamba wanaharakati wa kutoka nje hawatapewa nafasi ya kuja kuvuruga nchi yake. Wakenya wengi walilipokea jambo hilo kama tusi jipya kutoka kwa jirani. Lakini tusi hilo lina umri mrefu, na sehemu ya historia yake iko hapa Ukambani. Ninavyoisoma historia hiyo, serikali za Afrika Mashariki zinapomfungia mlango mwanasiasa wa nje, mara nyingi huwa zinamshughulikia mtu aliyeko ndani. Mgeni hurudishwa ili mwenyeji fulani asipate wa kumsemea, au asipate wa kumsikiliza.

Mbinu yenyewe ilianza kutumiwa kabla ya kuwapo mipaka ya kitaifa ya kulindwa. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya Wakamba wa Machakos ng'ombe kwa kisingizio cha kupunguza mifugo, huku kiwanda cha Liebig's kikiwa kinasubiri nyama pale Athi River, umati wa wanaume, wanawake na watoto ulitembea kwa miguu hadi Nairobi kumwona Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu wa Ukamba Members Association, alikamatwa akapelekwa Lamu. Alikuwa mwenyeji halali wa Machakos, ila sheria ilimtoa kwao ikamfanya mgeni kwingine. Miaka 16 kabla yake mwanaharakati Harry Thuku alikuwa amepelekwa Kismayu. Mkoloni alikuwa ameigawa nchi katika hifadhi za makabila, na aliyevaa kipande shingoni alihitaji ruhusa ya kutoka kwao. Hata vyama vya siasa vya Waafrika viliporuhusiwa tena mwaka 1955, viliruhusiwa wilaya kwa wilaya tu, ili mtu wa Machakos asiwe na jukwaa Kisumu wala wa Kisumu asiwe na jukwaa Machakos. Anayesafiri kutoka Thika kwenda Garissa hupita Matuu, na karibu na mji huo unapita Mfereji wa Yatta, ambao maji yake bado yanamwagilia mashamba ya huku. Mfereji huo ulichimbwa miaka ya 1950 na mahabusu wa Hali ya Hatari, watu waliohamishwa kutoka kwao na kuwekwa mahali ambapo maneno yao yasingemfikia yeyote. Katika miaka ya 1990 mpinzani aliyezuiwa kuhutubia katika maeneo yaliyotangazwa kuwa ya chama tawala cha KANU pekee alikutana na mantiki ileile, ingawa sasa bendera ilikuwa yake.

Hata hivyo, mkoloni huyohuyo alifanya jambo moja ambalo linaziaibisha serikali za leo, nalo linastahili kutazamwa kwa karibu. Mwishoni mwa 1952 watu sita walifikishwa mbele ya hakimu Ransley Thacker huko Kapenguria: Jomo Kenyatta, Fred Kubai, Bildad Kaggia, Achieng Oneko, Kung'u Karumba na Paul Ngei, kijana wa Machakos. Kapenguria ilikuwa mbali, na haikuingiwa bila kibali. Hata hivyo, walioingia kuwatetea walitoka pembe zote za dunia. D. N. Pritt alikuja kutoka London, mtu aliyewahi kuwa mbunge, aliyefukuzwa na chama cha Labour mwaka 1940 na aliyejulikana waziwazi kwa kuipenda Moscow. Kutoka India alikuja Diwan Chaman Lall, naye mbunge. Kutoka Nigeria, H. O. Davies, na kutoka Tanganyika, Dudley Thompson, Mjamaika. Kwa walowezi wa Nairobi hakuna mwanasiasa wa nje aliyechukiza kuliko Pritt. Naye hakunyamaza: alituma simu ya maandishi kwa wabunge wa London akilalamika kwamba haki inanyimwa. Serikali ilimshtaki kwa kuidharau mahakama, Mahakama Kuu ikasikiliza, na Pritt akaachiliwa. Kisha akarudi Kapenguria kuendelea na kazi yake.

Simsifu mkoloni kwa hilo. Alikuwa akijaza makambi, na hukumu ya hatia ya Aprili 1953 haikumshangaza yeyote. Alimruhusu Pritt kwa sababu magazeti ya Uingereza yalikuwa yakitazama, na kumzuia wakili wa Malkia kungemgharimu kuliko kumvumilia. Lakini linganisheni. Mwaka 1952, katikati ya Hali ya Hatari, washtakiwa sita walipata watetezi kutoka nchi nne. Mwaka 2025, kati ya nchi mbili zilizotia saini mkataba wa soko la pamoja, mshtakiwa mmoja hakuruhusiwa hata kupata watazamaji kutoka nchi jirani. Wala Tanzania haiko peke yake. Mei 2017 Zambia ilimrudisha Mmusi Maimane, kiongozi wa upinzani wa Afrika Kusini, alipokwenda Lusaka kuhudhuria kesi ya uhaini ya Hakainde Hichilema, kiongozi wa upinzani wa Zambia wakati huo. Machi 2025 Angola iliwazuia uwanjani Luanda wageni wa mkutano wa wanademokrasia, akiwamo Seneta Edwin Sifuna wa Kenya, Lissu mwenyewe, na hata Othman Masoud Othman, aliyekuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar wakati huo. Kesi ya Lusaka na ile ya Kisutu zinafanana kiasi kwamba jibu linakuja lenyewe: aliyeogopwa alikuwa kizimbani tayari, na mgeni alikuwa na kosa la kuja kumtazama.

Hoja nzito zaidi ya kunipinga inatoka Zanzibar. John Okello alikuwa Mganda wa Lango aliyepitia Kenya akahamia Pemba mwaka 1959. Usiku wa kuamkia Januari 12, 1964, alikuwa miongoni mwa walioongoza Mapinduzi, na kwa siku kadhaa Visiwa vilimjua kwa sauti kuliko kwa sura: Field Marshal kwenye redio, akitangaza amri na vitisho vya kuua vilivyowatia watu hofu hadi vyumbani mwao. Machi ya mwaka huo, akirejea kutoka bara, Okello alizuiwa kuingia Zanzibar na akarudishwa. Tanganyika haikumtaka, Kenya na Uganda nazo zikamfungia milango au zikamtia gerezani. Atakayesema kwamba hapa Rais Karume wa Zanzibar alikuwa na haki atakuwa na pa kusimamia. Mtu aliyetishia mauaji redioni si mwanasiasa mwenye maoni makali tu, na dola changa haikulazimika kumpa kipaza sauti tena.

Nakubali kwamba haki hiyo ilikuwapo. Ninachokataa ni kwamba ndiyo iliyotumika. Vitisho vya Okello vilitolewa Januari, wakati vikiwa na faida, na hakuna aliyemkataza asiseme. Alipozuiwa Machi, Baraza la Mapinduzi lilikuwa limeshapata wenyewe, na mtu mwenye wafuasi wenye silaha na asiyekuwa na chama alikuwa mzigo. Aliondolewa kama mshindani, bila shtaka, bila kesi, na bila waathirika wa vitisho vile kupata nafasi ya kuvitolea ushahidi. Kumfungia mlango kulirahisisha mambo kwa wote waliokuwa na ya kujibu. Okello aliandika simulizi lake mwenyewe, likachapishwa Nairobi mwaka 1967, na mpaka leo wanahistoria wanabishana nalo kwa sababu halikuwahi kuhojiwa mbele ya jaji.

Mfano wa Rwanda unafundisha vilevile kwa njia nyingine. Georges Ruggiu, Mbelgiji, alitangaza katika redio ya RTLM mwaka 1994 huku mauaji ya kimbari yakiendelea. Alikamatwa Mombasa mwaka 1997, akakiri kosa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda iliyokuwa Arusha, na mwaka 2000 akahukumiwa kifungo cha miaka 12. Ni kweli, basi, kwamba ulimi wa mgeni unaweza kuua. Lakini Ruggiu hakupenya mpakani kwa siri. Waliokuwa na nguvu Kigali ndio waliompa kiti na kipaza sauti. Rekodi ya kanda hii haionyeshi maafisa wa uhamiaji wakiuzuia uchochezi wa aina hiyo mlangoni. Inaonyesha mgeni hatari akikaribishwa na mwenye nyumba, na wakili akifukuzwa.

Huku kwetu nako, nyani haoni kundule. Kenya iliyolalamika Mei 2025 ilimkamata James Gatdet Dak, msemaji wa upinzani wa Sudan Kusini, na kumrudisha Juba Novemba 2016, muda mfupi baada ya yeye kufurahia hadharani kuachishwa kazi kwa jenerali wa Kenya aliyeongoza vikosi vya Umoja wa Mataifa huko. Kosa lake lilikuwa maneno. Februari 2018 alihukumiwa kunyongwa, na baadaye mwaka huo akaachiliwa kwa msamaha. Julai 2024 wanachama 36 wa chama cha FDC cha Uganda walikamatwa Kisumu, wakavushwa mpaka na kushtakiwa kwa ugaidi. Novemba 2024 Kizza Besigye alikuja Nairobi kuhudhuria uzinduzi wa kitabu cha huyohuyo Martha Karua, akatoweka, na siku nne baadaye akaonekana katika mahakama ya kijeshi Kampala. Huyu hata hakuzuiwa mlangoni. Alitolewa ndani ya nyumba. Kwa hiyo anayedhani kwamba suala hili ni la Watanzania dhidi ya Wakenya hajaisoma orodha yote.

Lipo pingamizi la uhuru wa dola: kila nchi ina haki ya kuamua nani aingie, na haina haja ya kujieleza. Uganda ilitoa hoja hiyohiyo mahakamani na ikashindwa. Aprili 13, 2011, wakili Mkenya Samuel Mukira Mohochi alitua Entebbe akiwa na ujumbe wa watu 14 wa tawi la Kenya la Tume ya Kimataifa ya Wanasheria, uliokwenda kuonana na Jaji Mkuu wa Uganda. Wenzake waliruhusiwa, yeye akarudishwa siku hiyohiyo. Ilani ya kumrudisha iliandikiwa shirika la ndege la Kenya Airways, ikilitaka limbebe mhamiaji aliyepigwa marufuku. Abiria mwenyewe hakuandikiwa sababu yoyote, kana kwamba ni kifurushi kilichokosewa anwani. Mei 17, 2013, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliamua kwamba Uganda ilikiuka Mkataba wa Jumuiya na Itifaki ya Soko la Pamoja. Uhuru wa dola, kwa mujibu wa majaji, unabaki, ila unabanwa na ahadi ambazo dola lenyewe lilitia saini. Itifaki hiyo, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inaruhusu kumzuia raia wa nchi mwanachama kwa sababu za usalama wa umma, afya ya umma au sera ya umma. Hairuhusu kumzuia kimyakimya.

Inasemekana pia kwamba kusubiri sababu na mahakama ni anasa wakati mchochezi ameshafika uwanjani. Uingereza ilimrudisha Geert Wilders, mbunge wa Uholanzi, kutoka Heathrow Februari 2009, ikisema kuwapo kwake kungehatarisha utulivu. Alikata rufaa, na Oktoba mwaka huohuo baraza la rufaa likampa ushindi. Aliingia, Machi 2010 akaonyesha filamu yake katika Bunge la Malodi, na waandamanaji wakampokea kwa mabango. Maneno ya Wilders dhidi ya Waislamu yanachukiza, na simtetei. Natetea utaratibu uliomlazimu waziri kueleza hofu yake mbele ya watu wasiomwogopa waziri. Hofu ya kweli hustahimili maswali. Ile ya kubuni huyeyuka, kama ilivyokuwa Entebbe.

Kwa hiyo dai la wananchi wa kanda hii liwe dogo na linalopimika. Bunge la Afrika Mashariki litunge sheria ya kutekeleza hukumu ya Mohochi: raia wa nchi mwanachama akizuiwa mpakani, apewe sababu kwa maandishi, kwa jina lake na kwa saini ya afisa anayejulikana, kabla ya ndege kuondoka, nakala ipelekwe kwa nchi yake na kwa Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, na asirudishwe mtu yeyote mahali ambapo kifungo au kamba vinamngoja mpaka jaji amsikilize. Kenya ianze yenyewe, bila kungoja majirani, kwa kueleza ni nani aliyemtoa Besigye Nairobi.