Ufagio wa 14 Oktoba: wanachuo, Mwalimu na maana ya kutumikia

Mwaka juzi, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, nilikuwa nyumbani Nyakahura, wilayani Biharamulo, kwa ajili ya msiba. Asubuhi basi dogo lililobeba wanafunzi wa chuo kimoja lilifika katika zahanati ya kijiji jirani. Vijana walishuka wakiwa na fulana mpya zenye picha ya Mwalimu, mafagio, mafyekeo na miche ya miti. Walifagia uwanja, wakafyeka majani, wakapanda miche, wakakabidhi katoni mbili za sabuni na kupiga picha. Saa saba mchana walikuwa wamekwisha kuondoka. Mama anayefanya usafi pale, ninayemfahamu tangu utotoni, alikuwa amekaa kivulini akiwatazama wakifanya kazi yake. Nilimuuliza kama walizungumza naye. Akacheka. “Wamenipa shikamoo, mwanangu.”

Hakuna aliyemuuliza analipwa kiasi gani.

Siwadhihaki vijana wale. Walitoka mbali na walifanya kazi kwa bidii. Wala desturi ya kumuenzi mpigania haki kwa kutumikia jamii si yetu peke yetu. Nchini Marekani sikukuu ya Martin Luther King, iliyowekwa kisheria mwaka 1983 na kuadhimishwa kitaifa kwa mara ya kwanza mwaka 1986, ilifanywa kuwa siku ya huduma kwa sheria ya mwaka 1994. Tangu hapo vyuo vingi vya huko huwapeleka wanafunzi kupaka rangi shule, kugawa chakula na kuokota taka. Lakini King aliuawa mjini Memphis, tarehe 4 Aprili 1968, alikokwenda kuunga mkono mgomo wa wazoa taka. Hakwenda kuwasaidia kuzoa. Alikwenda kudai wathaminiwe na walipwe kama binadamu wengine. Tofauti hiyo ndiyo inayonisumbua kila ninapoona ufagio na fulana yenye picha ya Mwalimu.

Kwetu historia ya wanachuo na kutumikia ni chungu zaidi, na nadhani ndiyo sababu haisimuliwi siku ya 14 Oktoba. Mwaka 1966 serikali iliamua kwamba wahitimu wa chuo kikuu na wa kidato cha sita walitumikie taifa kwa miaka miwili: miezi kadhaa kambini, na muda uliobaki katika ajira zao huku wakikatwa asilimia 60 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana Dar es Salaam wakiwa na majoho yao hadi Ikulu. Walibeba mabango, mojawapo likidai kwamba wakati wa ukoloni kulikuwa afadhali. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza chuo. Karibu wanafunzi 400 walirudishwa kwao. Mmoja wao, Samuel Sitta, alikuja kuwa Spika wa Bunge kuanzia 2005 hadi 2010.

Wengi wetu tunaifahamu nusu hiyo ya kisa: wasomi wabinafsi, baba mkali. Nusu ya pili hutajwa haraka haraka. Wanafunzi wale walikuwa wamehoji pia mishahara minono ya viongozi waliokuwa wakiwataka wao wajinyime. Hoja hiyo ilimwingia Mwalimu. Palepale alitangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Baada ya miezi mitatu na ushei likaja Azimio la Arusha na miiko yake ya uongozi. Sisemi kwamba maandamano yalilizaa Azimio. Mizizi yake ni mirefu kuliko hapo. Ninachosema ni kwamba aliyefukuza wanafunzi kwa sababu walikataa kutumikia alikubali kwamba anayedai utumishi kwa wengine lazima aanze na mfuko wake.

Waliotumikia kwelikweli hawakuwa na majoho. Baba yangu mdogo alimaliza darasa la saba katikati ya miaka ya 1970, baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974 kuharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote. Walimu hawakutosha. Makumi ya maelfu ya vijana kama yeye walichukuliwa vijijini, wakajifunza ualimu huku wakifundisha: asubuhi mbele ya watoto, mchana mbele ya mkufunzi, na masomo mengine kwa redio na kwa posta. Alianza akiwa na umri wa miaka 17, chini ya mti, wanafunzi wengine wakiwa wakubwa kuliko yeye. Baadaye “mwalimu wa UPE” likageuka tusi la kumaanisha mtu asiyejua kitu. Wasomi tumelitumia sana tusi hilo. Ni kweli elimu ile ilikuwa na mapungufu makubwa, na baba mdogo mwenyewe huyakiri. Lakini mimi nilijifunza kusoma kwa watu wa namna yake, na sijui nani angekuja kunifundisha kijijini kwetu kama si wao.

Kisha mwaka 1978. Tarehe 5 Machi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza ya maslahi ya wabunge na viongozi. Hawakudai lolote kwa ajili yao. Walikuwa wakisema yale yale ambayo Mwalimu alikuwa amewafundisha kwa miaka 11, kwa lugha ya Azimio lenyewe. Mamia yao walifukuzwa. Waliokataa kutumikia mwaka 1966 na waliodai viongozi watumikie mwaka 1978 walipata adhabu moja. Mimi ninamheshimu Mwalimu kuliko kiongozi yeyote wa nchi hii, na kwa jambo hili naona alikosea.

Jioni ile, tulipokuwa tumekaa nje pale msibani, nilimsimulia baba mdogo habari za 1978. Hakuwa amewahi kuzisikia, ingawa mwaka huo alikuwa darasani kila siku akitumikia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama wale vijana wa asubuhi wanazijua. Nilimwambia sidhani.

Mwaka huu chuo kimoja kimeniomba nitoe mada kabla wanafunzi hawajaenda kufanya usafi katika kituo cha afya. Nimewaandikia kwamba nitazungumzia Machi 1978, na kwamba wanafunzi, wakishamaliza kufagia, wakae saa moja na wahudumu wa usafi wa kituo hicho waulizane kuhusu mikataba na malipo, kisha wayaandike watakayoambiwa na kuyafikisha halmashauri. Waandaaji wamenijibu kwa adabu kwamba suala la kituo cha afya limepita, ila mada wataijadili kwanza na uongozi.